Uji, Parafujo na Mtungi wa Nyanya



Kabla jua halijachomoza, kwenye steji za Kayole, Dandora na Umoja, mama uji ameshatua thamosi zake. Fundi anayewahi Kariobangi na mwanafunzi anayewahi kengele wote husimama kwake. Kikombe hichohicho, cha mahindi na wimbi, ndicho alichokichunguza mtafiti Mkenya kwa jicho la uhandisi.

Dkt. Calvin Onyango, wakati huo akiwa Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda nchini Kenya, KIRDI, alichapisha mwaka 2004 na 2005 makala kadhaa kuhusu uji uliopitishwa kwenye ekstruda. Aliziandika pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani. Aliyewahi kuzungusha mashine ya kusagia nyama ameshaielewa ekstruda nusu: parafujo huzunguka ndani ya pipa la chuma, ikisukuma unga wenye unyevu kidogo kuelekea tundu dogo. Nusu ya pili ni joto na shinikizo. Maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Yakifika nje hugeuka mvuke papo hapo, na unga hufura. Vitafunio vya mahindi vinavyouzwa vibandani Buruburu hutengenezwa vivyo hivyo, na asili yake ni kiwanda cha chakula cha mifugo huko Wisconsin, Marekani, miaka ya 1930.

Onyango alikuwa na swali zito kuliko vitafunio. Kila mama anayelisha mtoto anaijua shida hii: unga kidogo tu na uji umekuwa mzito, akiongeza maji, tumbo dogo linajaa kabla mwili haujashiba. Ekstruda huvunjavunja wanga, hivyo unga mwingi zaidi huingia kikombe kilekile na uji ukabaki wa kunyweka. Katika vipimo vya maabara, wanga huo ulimeng'enywa mara kumi hivi zaidi ya ule wa unga mbichi. Tanini za wimbi, ambazo hung'ang'ania protini, zilipungua sana.

Lakini tokeo linalostahili kukumbukwa zaidi ni jingine. Protini ilimeng'enyeka vyema kuliko kote pale unga ulipochachushwa, au kutiwa asidi kidogo, kabla ya kuingia mashineni. Zile siku ambazo nyanya huuacha unga mtungini uchachuke zinaweza kuwa hatua ya kiwanda, na zimepimwa.

Makala hizo hazikuficha kilichobaki. Asidi ya fitiki, inayouzuia mwili kupata madini ya chuma na zinki, haikupunguzwa na ekstruda. Mtafiti aliliandika hilo wazi, na kwa kuliandika akawafungulia mlango wahitimu wa leo.

Na kazi haiishii maabara: mwenye cheti cha uhandisi aanzie Kariobangi Light Industries, kwa mafundi wanaounda mashine za posho, awaulize ni chuma gani cha parafujo kitavumilia kusuguliwa na nafaka mchana kutwa. Mwenye cheti cha lishe arudi steji alfajiri na pakiti ya unga uliopitishwa kwenye ekstruda, amkorogee mama uji kikombe kimoja, kisha anyamaze amsikilize akieleza kama wateja wake watakinywa, na kwa bei gani.