Croydon hadi Mwanza: Siku Nane Zilikwenda Wapi?



Mtu akiuliza kutoka hapa Croydon hadi Mwanza ni umbali gani, jibu ni jepesi: kilomita 6,700 hivi, kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Akiuliza ni muda gani, hapo hesabu inatuponyoka.

Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya kila wiki kutoka Croydon, uwanja mkuu wa London wakati huo, hadi Mwanza. Mwanzoni mzigo wenyewe hasa ulikuwa barua. Ndege aina ya Argosy, iliyotumika katika sehemu ya njia hiyo, ilikwenda kama kilomita 150 kwa saa. Gawanya: saa 45, hata siku mbili hazitimii. Safari ilichukua siku kama kumi.

Siku nane zilizozidi zilimezwa kidogo na njia, maana ilizunguka Ugiriki, ikavuka Mediterania, ikaambaa na Mto Naili. Zilimezwa zaidi na vituo. Ndege haikuweza kubeba mafuta ya kwenda mbali, ikawa inashuka kila baada ya saa chache. Jua likizama, safari inalala. Alexandria magunia ya barua yalitoka kwenye ndege ya majini yakapakiwa treni hadi Cairo, yakapanda ndege nyingine. Khartoum yakahamishwa tena kwenye ndege ya majini hadi Ziwa Victoria. Anayepanda daladala kila asubuhi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1952 ilikuja ndege ya jeti, Comet, kutoka London hadi Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24. Wengi husifu mwendo wake. Mimi naangalia ilikotua: Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe, Livingstone. Leo ndege haiishindi Comet sana kwa kasi, lakini Nairobi hadi Heathrow hairuki kituo kwa kituo. Inakwenda moja kwa moja, saa tisa hivi. Uwanja wa Croydon haukuyaona hayo. Nyumba zilikwisha kuuzingira, hapakuwa na pa kuurefusha, ukafungwa mwaka 1959.

Vituo havikutoweka, vilihamia nchi kavu. Katikati ya mji huu limesimama Lunar House, jengo la idara ya uhamiaji lililokamilika mwaka 1970 na kupewa jina la mwezi, enzi za safari za Apollo za kwenda mwezini. Waafrika Mashariki wengi wanalijua kuliko wanavyoujua uwanja wa zamani. Kwa hiyo tovuti inayokuandikia “saa tisa” inahesabu muda wa rubani. Muda wa msafiri unaanza siku anayojaza fomu ya viza, na hapo hakuna kikokotoo kinachothubutu kutaja saa.