Wanaopotewa na Fahamu Kidogo Kazini



Wako wenzetu ambao husimama mbele ya mashine wakakodoa macho, mkono ukatikisika, na baada ya dakika moja huendelea na kazi bila kukumbuka lolote. Msimamizi husema ni pombe. Nyumbani husema ni pepo. Sisi twasema aende kwa daktari, wala asiende peke yake. Yeye hakujiona; aliyemwona ni mwenzake wa zamu. Basi mwenzake aandike saa, muda uliopita, mkono upi ulianza, na kama alikuwa amekula au amekesha. Mwenye simu na achukue video. Daktari hutaka ushahidi huo kwanza, maana huenda ni kifafa, huenda ni moyo, huenda ni sukari iliyopungua mwilini. Hata kipimo cha umeme wa ubongo kikitoka safi, kifafa hakijaondolewa shaka, arudi tena.

Kwa sasa asipande ngazi wala asishike usukani. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Akinyimwa, aje ofisini kwetu na cheti hicho mkononi.