Kwa Nini Ehudi Alikuwa wa Shoto?

Leo tuzungumze juu ya mkono wa kushoto. Usicheke! Hebu tazama darasani kwenu. Karibu mtu 1 kati ya 10 hutumia shoto. Kwa hiyo, kwenye wanafunzi 40, ungetegemea kuwaona wanne hivi. Mbona huwaoni? Pengine mmoja wao ni wewe, na ulipokuwa mdogo ulichapwa mkono huo mpaka ukauacha.

Lakini kwenye masimulizi watu wa shoto wapo. Msimulizi hana haja ya kutuambia kwamba mtu anatumia kulia, maana hilo tunalitegemea. Akitaja shoto, ujue ana kazi nayo.

Fungua Biblia, Waamuzi sura ya 3. Mfalme Egloni wa Moabu amewatawala Waisraeli miaka 18. Ehudi anatumwa kumpelekea kodi. Anayetumia kulia hufunga upanga pajani kushoto, ili auchomoe upesi. Ehudi kaufunga paja la kulia, chini ya nguo. Mkono wa kushoto unapokwenda pale, mfalme hana habari. Amekwisha! Na Ehudi ni wa kabila la Benyamini, jina lenye maana ya "mwana wa mkono wa kuume". Hapo shoto ni mbinu.

Sasa twende Marekani. Katika riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, ya mwaka 1960, shoto ni ushahidi. Msichana mzungu ana majeraha upande wa kulia wa uso. Anashtakiwa Tom Robinson, mtu mweusi ambaye mkono wake wa kushoto umelemaa. Mahakamani, baba wa msichana anaambiwa aandike jina lake. Anaandika kwa shoto! Msomaji anaelewa nani alipiga. Hata hivyo, Tom anatiwa hatiani, kwa ubaguzi tu.

Na yule mtundu wa katuni, Bart Simpson? Naye ni wa shoto, kama Matt Groening aliyembuni.

Umeona? Mbinu, ushahidi, au msanii kumpa mhusika mkono kama wake. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepewa shoto kwa sababu shoto ni mkosi.

Najua, nyumbani tunaambiwa kulia ni mkono wa kulia chakula, na kushoto ni wa chooni. Desturi hiyo ililinda usafi. Lakini sabuni haichagui mkono: nawa yote miwili. Na ukimpa mkubwa kitu, tumia mikono miwili. Heshima itakuwa palepale.

Kutumia shoto si ugonjwa wala ukaidi. Kunahusiana na ubongo, na dalili zake huanza mtoto akiwa bado tumboni. Kiboko hakibadilishi ubongo. Kinaleta woga na mwandiko mbaya.

Kwa hiyo, wewe wa shoto, kaa mwisho wa benchi upande wa kushoto, usigongane viwiko na jirani. Laza daftari, pembe yake ya juu ielekee kulia. Nawe wa kulia, ukimwona mdogo wako ameshika kalamu kwa kushoto, usimpokonye. Mwache aandike. Nani ajuaye? Labda anaandika hadithi yake mwenyewe.