Mtoto Amesoma Nini Leo?

(Maneno yaliyosemwa na karani wa mgodi mbele ya wazazi, Kamina)



Nimeombwa niseme juu ya watoto wetu wa masomo ya chini, wale wa kalasi ya kwanza mpaka ya sita. Sikuja kuwaambia kwamba masomo ni mazuri. Hayo mnayajua, kama msingeyajua, msingeacha kazi zenu leo mkaja kukaa hapa juu ya mabenchi haya magumu. Nimekuja na ulizo moja tu. Jioni mtoto akirudi nyumbani tunamwuliza: "Ulienda masomoni?" Anajibu: "Ndiyo, baba." Basi imekwisha, tunakula bukari yetu. Hatumwulizi: "Umesoma nini?" Na mimi nasema, ulizo hilo la pili ndilo kubwa.

Tutazame siku ya mtoto. Asubuhi anavaa shati lake jeupe na nguo ya buluu chini, anafika, anafagia uwanja pamoja na wenzake, wanapanga mistari, bendera inapanda, wanaimba wimbo wa taifa. Kisha kalasini. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili katika kaye. Mwalimu anasoma, watoto wanajibu wote kwa sauti moja. Ukipita njiani ukasikia sauti ile unafurahi, unasema: hapa watoto wanasoma kweli! Polepole, ndugu. Katika sauti ya watoto themanini, utajuaje ni nani anayesoma? Wachache wanasoma, wengine wanawafuata nusu neno nyuma, na wengine wanafungua kinywa tu. Kunakili ni vilevile. Mtoto anaweza kuchora herufi vizuri sana, mstari umenyooka, asijue ameandika neno gani. Kuchora gari la moshi si kuliendesha, na watu wa Kamina wanalijua hilo kuliko wengine.

Simlaumu mwalimu. Mwalimu ni mmoja, kitabu ni kimoja, na wakati mwingine ni cha mwalimu peke yake. Mshahara wake mnaujua. Lakini tukisema taabu ya mwalimu tu, tutakuwa tumeisahau ile ya mtoto.

Mambo haya yana mizizi mirefu. Mwaka 1906 mfalme Léopold alipatana na Roma: mapadri wapewe ardhi, nao wafundishe. Tangu miaka ya 1925 na 1926 Leta ya Wabelgiji ikaanza kuyasaidia masomo ya misheni kwa franka. Kampuni ya Union Minière, iliyokuwa ikichukua watu wengi wa huku kwetu Lomami kwa kazi ya shaba, ilipoanza kukalisha wafanyakazi pamoja na wake zao katika makambi, iliweka masomo mle ndani na kuyatia mikononi mwa misheni. Kwa hiyo watoto waliingia, tena wengi. Hakuna anayeweza kukana. Lakini nyumba ile ilikuwa na mlango mpana na ngazi nyembamba. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, watoto wa masomo ya chini katika Congo walikuwa zaidi ya milioni moja, na wenyeji waliomaliza universite hawakufika 30. Masomo makubwa ya Lovanium yalikuwa yamefunguliwa mwaka 1954 tu, na yale ya Elisabethville mwaka 1956.

Nasema hayo si kwa kulia juu ya wafu. Nasema kwa sababu hesabu ya vichwa ilitudanganya wakati ule, na inaweza kutudanganya tena. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya chini ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Ikapita miaka 13. Katika miaka ile mzazi alikuwa akilipa, hata sehemu ya mshahara wa mwalimu, na mtoto asiye na franka alirudishwa nyumbani akiwa na kaye yake mkononi. Ni mwezi wa Septemba 2019 ndipo serikali ilipoanza kweli kutimiza neno la bure. Kalasi zikajaa siku ileile. Watoto waliokuwa wakiuza karanga na maembe pembeni ya reli waliingia. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi.

Lakini tangu siku ile wazazi wengi wanasema: serikali imechukua mzigo, sisi tumepumzika. Hapana. Serikali imechukua minerval, mtoto haikumchukua. Benki ya Dunia, katika hesabu yake ya mwaka 2022, ilisema kwamba katika kila watoto 100 wa Congo wenye miaka 10, kama 97 hawawezi kusoma maneno mafupi na kuyaelewa. Tisini na saba! Ukiondoa hao, wanabaki watatu. Hesabuni watoto wa njia yenu, kisha mtafute hao watatu wako nyumba gani.

Mimi kazi yangu ni karatasi. Mbele ya meza yangu wanapita vijana wanaotafuta kazi. Anakuja mmoja mwenye nguvu, amemaliza kalasi sita, cheti kiko katika plastiki kimehifadhiwa vizuri. Ninampa karatasi ya mapatano ya kazi. Anaiangalia juu, anaiangalia chini, anaigeuza. Kisha ananiuliza kwa sauti ndogo: "Karani, nitie kidole wapi?" Namsomea, maana siwezi kumwacha hivyo. Lakini makarani wote hawana dakika ile, na makarani wote hawana moyo mmoja. Karatasi ile inasema atalipwa kiasi gani, atafanya kazi saa ngapi, na akivunjika mguu nani atamponyesha. Mtu asiyeweza kuisoma anatia kidole juu ya maisha yake bila kuyaona.

Sasa lugha, maana hapa ndipo watoto wetu wanapoanguka wengi. Mtoto wa Kamina nyumbani anasikia Kiluba. Sokoni na kwenye gare anasikia Kiswahili. Lugha hizo ni ndugu. Aliyesema mwana kwa Kiluba analikuta neno mwana katika Kiswahili. Aliyehesabu bisatu na bitano anazikuta tatu na tano zinamngoja. Tena Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. B na o ni bo, k na u ni ku, mtoto anasoma boku. Basi mpe lile neno la Wafaransa linalosikika boku. Linaandikwa beaucoup, herufi 8, na ile p ya mwisho haisemwi hata kidogo! Hesabu nazo ni vilevile. Themanini ni neno moja tu. Mfaransa anasema quatre-vingts, yaani ishirini mara nne, na mtoto lazima azidishe kabla ya kutaja. Sisi tuliwafuata Wabelgiji tukasema septante na nonante, kwa hiyo sabini na tisini tumeziponyoka, ila themanini imetushika palepale.

Sisemi tuache Kifaransa. Karatasi za kazi ni za Kifaransa, na karani anayewaambia waache Kifaransa huku yeye anakila kila mwezi, msimsikilize. Nasema juu ya mpango. Kusoma mtu anajifunza mara moja katika maisha. Mtoto akiisha kuelewa, katika lugha anayoijua, kwamba alama hizi ni sauti na sauti hizi ni maneno yenye maana, ufundi huo atauhamisha katika Kifaransa. Lakini ukimpa mambo mawili mapya kwa pamoja, herufi asizozijua juu ya maneno asiyoyajua, anafanya kama kasuku. Sheria ya masomo ya mwaka 2014 inasema wazi kwamba lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Kwetu ndiyo Kiswahili, na Kiluba pia. Walakini nasikia wazazi wakisema: "Kiswahili ni cha nyumbani, mwalimu asimpotezee mtoto wangu wakati." Wazazi hao wanafurahi mtoto wa miaka sita akiwaamkia bonjour. Mwambieni asome mistari miwili ya kitabu chake na kusema ni habari ya nini. Hapo mtajua.

Juu ya kazi za nje ya kalasi sitasema mengi. Mpira ni mzuri, kwaya ni nzuri. Bustani ya masomo ni nzuri sana kama mtoto anapima mistari yake kwa kamba, anahesabu mbegu alizotia na zilizoota, kisha anaandika. Hilo ni somo la hesabu lenye udongo. Lakini kuchota maji kwa ajili ya nyumba ya mkubwa si somo, hata kama limeandikwa hivyo katika saa za kazi. Wazazi wana haki ya kuuliza.

Na tuulizeni na sisi wenyewe. Masomo yanafunguliwa Septemba, na mvua inatukuta palepale tunatayarisha mashamba. Nani anaitwa kulima? Mara nyingi ni msichana, na dada mkubwa tena anabaki kumshika mtoto mdogo. Siku mbili wiki hii, siku tatu wiki ijayo. Mwezi wa kwanza ndio wa herufi za kwanza. Asiyezipata wakati ule anakaa nyuma mwaka mzima, na kwa watoto themanini mwalimu hawezi kumrudia.

Najua nitaambiwa: "Karani, mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Baba, si lazima ujue kusoma. Mkalishe mtoto karibu nawe kabla giza halijaingia, mradi taa hakuna. Mwambie: nisomee mistari miwili. Kisha mwambie: funga kitabu, nieleze kwa Kiluba umesoma nini. Akieleza, amesoma. Akikutazama tu, amenakili. Fungua kaye, tazama kama kalamu nyekundu ya mwalimu ilipita, na mara ya mwisho ilipita lini. Tarehe inaandikwa juu, hata asiyesoma anaweza kuonyeshwa. Ukikuta wiki tatu hakuna wekundu, usiende kugombana. Nenda katika kamati ya wazazi. Kila masomo inayo, ila watu hawafiki, wanaacha wanne au watano waamue mambo yote, kisha wanalalamika sokoni.

Kama mko tayari, wazazi wa kalasi ya kwanza na ya pili wabaki hapa baada ya maneno haya. Nimeleta vitabu vichache vya Kiswahili. Watoto wako nje wanacheza. Tuwaite mmoja mmoja, bila fimbo na bila kuwacheka, tusikie.