Nani Alipe Nauli ya Tangazo?

Gunia la mpunga likitoka Kibombo kwenda Kindu, katika jimbo la Maniema nchini Kongo, kwa reli au kwa baiskeli, nauli yake hulipwa na mwenye gunia. Tangazo la simu halifuati desturi hiyo. Mtu ananunua mega zake chache, anafungua habari ya mistari ishirini, na pamoja nayo zinashuka picha, video na programu za kumfuatilia ambazo hakuziagiza. Nauli ya vyote hivyo inatoka mfukoni mwake. Oktoba 2015 gazeti la New York Times lilipima tovuti 50 za habari, likakuta zaidi ya nusu ya data ni ya matangazo. Ukurasa wa mbele wa Boston.com ulivuta mega 15 na zaidi za matangazo, na kama 4 tu za habari zenyewe. Kwa hiyo programu za kuzuia matangazo, ambazo Apple iliziruhusu kwenye simu zake mwaka 2015 na Opera Mini ikaja nazo mwaka 2016, kwa msomaji wa Maniema si dawa ya kero tu. Ni mizani: kwa mara ya kwanza mwenye mzigo mzito anaona kwamba mzigo wake haufiki.

Wapo wanaouliza mwandishi wa habari atakula nini matangazo yakizuiwa, na swali hilo ni zito. Radio Okapi ina Umoja wa Mataifa nyuma yake tangu 2002. Tovuti binafsi za Kongo hazina mgongo huo. Tena kizuizi cha kivinjari hakigusi tangazo lililo ndani ya programu ya Facebook, wala SMS za promosheni zinazotumwa na kampuni ya simu. Anayeumia kwanza ni mchapishaji mdogo, na fedha zinahamia kwa wakubwa. Nakubali. Ila kosa la mizani silioni hapo; kosa ni la mdogo kuiga mzigo wa mkubwa.

Wengine wanashauri kampuni za simu zizuie zenyewe matangazo mtandaoni. Kampuni ya simu ya Digicel ilianza hivyo Jamaika mwaka 2015, ikitaka Google na Facebook zilipe ndipo matangazo yao yapite. Huo ni ushuru wa njiani, na Wakongomani wanajua uchungu wake: kuanzia 2020 kodi ya RAM, ya usajili wa simu, ilikatwa kwenye unite za watu, wakipenda wasipende, hadi ilipofutwa 2022. Uamuzi wa kuzuia ubaki mkononi mwa mwenye simu, ambaye anaweza pia kuufungulia mlango mzigo mwepesi. Duka la mabati la Kindu, kwa mfano, linahitaji tu kusema bei, barabara na namba ya simu. Hayo yanaenea katika herufi 160, kiasi cha SMS moja.