Mwezi Mmoja Juu ya Ziwa



Mkazi wa Rumonge hana haja kubwa ya kalenda. Akitaka kujua mwezi umefika wapi, na atazame ziwa wakati wa usiku. Akiona taa zimetapakaa majini mpaka upeo wa macho, mithili ya mji mwingine uliojengwa juu ya maji, ajue kuwa mwezi ni mchanga au unakwisha. Akiona ziwa limenyamaza, mitumbwi imelala mchangani na vijana wamejaa barazani, ajue kuwa ni mbalamwezi. Mazungumzo haya ni juu ya jambo hilo ambalo kila mtu hulitazama na wachache hulifikiri: ya kwamba mwezi mmoja unaongoza kazi mbili za mji, ibada na uvuvi, na ya kwamba katika adabu hiyo ya kungoja mna mafunzo makubwa kwa zama hizi ambazo samaki wamepungua.

Mji wa Rumonge uko zaidi ya kilomita 70 kusini ya Bujumbura, katika njia iendayo Nyanza-Lac. Mashariki yake ni vilima na mashamba ya michikichi; magharibi ni ziwa lenyewe, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Kwa hiyo mwezi mwandamo, ambao daima hutazamwa upande wa machweo, kwa watu wa pwani hii hutazamwa juu ya maji. Jioni ya kungojea Ramadhani au Idi, wazee na watoto hushuka ufukoni kuutafuta, na wakati uo huo wavuvi wanatia taa zao mitumbwini. Mwezi ule ule unaowaambia wengine wafunge au wafungue, unawaambia wavuvi kuwa usiku wa giza umewadia.

Sababu yake inajulikana. Dagaa, ambao pande hizi huitwa ndagala, hufuata mwanga. Hapo kale mvuvi aliwasha moto wa kuni katika omo ya mtumbwi. Kisha zikaja karabai. Na siku hizi ni taa za betri na za nguvu za jua. Mitumbwi miwili hufungwa pamoja kwa miti, wavu ukashushwa chini ya taa, na dagaa wakisha kukusanyika wavu huinuliwa. Mikeke nao huja nyuma ya dagaa kuwala, wakanaswa pamoja nao. Lakini mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena heshima yake. Dagaa hutawanyika, na mafuta na jasho hupotea bure. Ndiyo sababu kila mwezi, siku za katikati, wavuvi hukaa nchi kavu.

Asubuhi ya siku za giza, mitumbwi inarudi karibu na wakati wa sala ya Alfajiri, na akina mama wamekwisha kufika na mabeseni yao. Zamani dagaa wote walianikwa mchangani, na mvua moja ilitosha kuharibu mtaji wa mwanamke wa juma zima. Sasa, katika sehemu kadha wa kadha za pwani, wameinuliwa juu ya vichanja vya nyavu, wakawa safi na wakauka upesi. Hilo ni jambo la kusifiwa, kwani samaki asiyeoza ni sawa na samaki aliyeongezeka, wala hakutolewa zaidi ziwani.

Ama siku za mbalamwezi, mji hugeuka sura. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, madeni yanahesabiwa, na khabari za Kigoma, Uvira na Baraka zinasimuliwa barazani. Na yafaa izingatiwe kuwa tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ziitwazo siku nyeupe, ambazo kufunga kwake ni sunna, ndizo siku hizo hizo ambazo mvuvi hana kazi majini. Basi mtu wa ziwa ana nafasi ya ibada hiyo kuliko watu wengi wa kazi nyingine.

Lakini si kila mara mambo mawili haya hupatana. Kumi la mwisho la Ramadhani, ambalo Waislamu hutafuta ndani yake Usiku wa Cheo, huangukia katika giza, yaani wakati wa mavuno. Baharia wa mtumbwi halipwi mshahara wa mwezi. Hulipwa fungu la kile kilichovuliwa, na asiyekwenda hana fungu. Mtu huyo husimama baina ya msikiti na wavu, na nyumbani watoto wanangojea nguo za Idi. Si haki kwa mwenye duka, aliyelala akashiba, kumhukumu kuwa imani yake ni haba. Afadhali mwenye mtumbwi awapangie mabaharia wake zamu, kila mmoja apate walau usiku mmoja wa kukesha msikitini bila ya kupoteza fungu lake.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi. Wazee wa ufukoni husema kuwa ziwa halitoi tena kama lilivyotoa, na wataalamu wamefikia neno hilo hilo kwa njia yao. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Katika dunia nzima ni Baikal tu linalolipita. Chakula cha viumbe vyake kimelala chini, na hupandishwa juu na pepo za kusi wakati wa kiangazi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maji ya juu yamezidi joto, na maji ya joto ni mepesi, hayachanganyiki kwa urahisi na ya chini. Basi chakula hakipandi kama zamani. Juu ya hayo mikono imezidi, na wako wanaovua kwa vyandarua na kwa nyavu za kukokota karibu na ufuko, wakizoa vifaranga kabla havijazaa.

Nchi nne zinamiliki ziwa hili: Tanzania, Kongo, Zambia na Burundi, ambayo sehemu yake ni kiasi cha 8 katika 100. Zilitia saini mkataba Dar es Salaam mwaka 2003 wa kulilinda kwa pamoja, na ofisi kuu ya kazi hiyo ikawekwa Bujumbura. Katika mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Samaki hawajui mipaka. Anayeachwa Kigoma leo huenda kesho akawa mbele ya Rumonge. Pwani moja ikijizuia na nyingine ikavua, aliyejizuia ataona amedhulumiwa, na mwakani hatajizuia tena.

Mvuvi atauliza: miezi mitatu watoto watakula nini? Swali hilo ni la haki, na asiyelijibu asimwambie mtu afunge wavu wake. Kungoja kwa mbalamwezi kunavumilika kwa kuwa ni kufupi na kila mtu amekujua tangu utotoni. Kungoja kwa miezi mitatu kunahitaji akiba, na akiba huwekwa siku za neema. Mwenye mtumbwi na atenge kidogo katika kila giza. Akina mama wa dagaa na waendeleze vyama vyao vya kuwekeana zamu. Na jumuiya ya msikiti, ambayo huwajua wajane na mafakiri wake nyumba kwa nyumba, iwahesabu mabaharia wakati huo katika wanaostahiki kusaidiwa. Bila ya hayo, amri ya kufunga ziwa itamwangukia maskini peke yake, naye ataivunja usiku.

Watu wa pwani hii hawakuanza leo kujifunza subira. Kila mwezi hutia nanga kwa ajili ya nuru ya mbinguni, na kila mwaka hujizuia chakula hali kimo ndani. Waliozoea kungoja mwezi uandame wanaweza kungoja samaki akue, iwapo watangoja wote pamoja, na iwapo hapana atakayeachwa na njaa.