Tumbo Lisilopona na Mifupa Inayolika Kimyakimya

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa tumbo ambao wengi wetu hatujausikia, na madhara yake mahali ambapo hungedhani: kwenye mifupa.

Kuhara si jambo geni kwetu. Mara nyingi huletwa na maji machafu, chakula kilichoharibika au amiba, na huisha kwa siku chache au kwa dawa ifaayo. Lakini wako watu wanaohara miezi miwili, mitatu, hata mwaka. Wamemeza dawa ya amiba mara kadhaa, wametibiwa taifodi, na bado choo kina damu na kamasi. Wanakonda. Majirani wananong'ona: huyu asema ni ukimwi, yule asema ni kurogwa. Mgonjwa naye huona haya kutaja damu kwenye choo, basi hunyamaza. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Moja ya sababu za hali hii yaweza kuwa uvimbe sugu wa utumbo. Uko wa aina mbili kuu. Wa kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn, ambaye pamoja na wenzake wawili wa New York aliueleza mwaka wa 1932. Huweza kushika mahali popote kutoka kinywani hadi njia ya haja kubwa. Wa pili ni kolitisi ya vidonda, unaoshika utumbo mpana. Katika yote mawili, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo. Hauambukizi, wala si uchawi. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 15 na 35.

Sasa, mifupa inaingiaje hapa? Msikilizaji, mfupa si jiwe. Uko hai, na kila siku mwili huubomoa kidogo na kuujenga kidogo, kama nyumba ya udongo inayokandikwa upya. Mpaka karibu miaka 30 tunaweka akiba. Ugonjwa huu humkuta kijana wakati huo huo, na kuila akiba yake kwa njia tatu.

Kwanza, uvimbe wenyewe humwaga kemikali kwenye damu zinazoharakisha kubomoka kwa mifupa. Pili, utumbo uliojeruhiwa huenda usifyonze vyema kalisiamu na vitamini D, na mgonjwa mwenyewe huogopa kula. Tatu ni dawa ya prednisoloni. Hutuliza uvimbe haraka, lakini ikitumiwa kwa miezi 3 au zaidi hudhoofisha mifupa, na hasara kubwa hutokea katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Hakuna maumivu ya kukuonya. Mtu hugundua siku anapojikwaa na kuvunjika mkono au nyonga, au anapoinua mtungi wa maji na pingili ya uti wa mgongo ikabonyea.

Tafadhali usisikie hili ukaacha dawa ghafla! Ukiitumia kwa muda, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake, na kuiacha kwa mara moja kwaweza kuhatarisha maisha. Daktari ndiye huipunguza kidogo kidogo.

Kwa nini ugonjwa huu huchelewa kutambuliwa? Kwa sababu ugonjwa adimu huvaa nguo za ugonjwa wa kawaida. Kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na ugonjwa wa Crohn, na kukosea hapa ni hatari: prednisoloni akipewa mwenye kifua kikuu au amiba bila matibabu yake, ugonjwa waweza kumlemea. Kwa hivyo usiinunue kwenye duka la dawa kwa ushauri wa rafiki. Kwanza hupimwa choo, damu, virusi vya ukimwi na kifua kikuu. Kisha, katika hospitali kubwa, hufanywa kolonoskopi: mpira mwembamba wenye kamera huingizwa kwenye utumbo mpana, na vipande vidogo vya nyama huchukuliwa vikapimwe.

Wewe unaweza kumsaidia daktari. Chukua daftari uandike: kuhara kulianza lini, unaenda choo mara ngapi, usiku unaamka, kuna damu, umepungua kilo ngapi, una homa, na dawa zote ulizomeza. Beba kadi zako zote. Ukihama kituo kila wiki bila karatasi, kila mhudumu ataanza upya, na ataanza na amiba.

Ukiwa tayari unatibiwa, uliza swali hili: "Daktari, je, mifupa yangu yahitaji kupimwa?" Kipimo chake huitwa DEXA, ni picha ya eksirei yenye mionzi kidogo, na haiumi. Pale kisipopatikana, daktari bado aweza kupima hatari yako na kukuandikia kalisiamu, vitamini D au dawa nyingine.

Nyumbani, kunywa maziwa, au mala kama maziwa yanakusumbua. Glasi moja ina kama miligramu 300 za kalisiamu; mtu mzima huhitaji kama 1,000 kwa siku. Ikiwa tumbo lakubali, kula omena na mifupa yake, na sukuma wiki. Pata jua, tembea kila siku, na uache sigara, kwani huzidisha ugonjwa wa Crohn.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona damu nyingi, homa kali, tumbo gumu lililovimba, au maumivu ya ghafla ya mgongo. Na mtoto anayehara kwa muda mrefu na asiyekua, usimngojee apone mwenyewe.

Msikilizaji, kuhara kukipita wiki nne, si kwa kuvumilia tena. Sema, upimwe.